Majina Kumi na Tisa kwa Ajili ya Herbert

Vuai Mcha alikuwa na mdomo, na hakuona haya kuwa nao. Ukimpa neno moja alikurudishia kumi, na ukimwambia amezidisha alikujibu kwamba kwao Makunduchi neno likikaa kifuani huoza, basi heri litoke linuke hadharani na kila mtu ashike pua yake. Alikuwa dereva. Alifika Doha mwaka 2006 akiwa na miaka arubaini na tatu, akaendesha malori ya kokoto miaka miwili, kisha kampuni yake ikapata kandarasi ya usafiri na huduma nyingine zote katika chuo kimoja cha Wamarekani, naye akakabidhiwa basi jeupe la timu ya besiboli.

Basi lile ndilo lililokuwa heshima yake. Kampuni ilikuwa na mabasi mengine, na kila dereva aliyajua na kuyaogopa: yale makongwe ya kubebea mafundi wa ujenzi kutoka kambi za Al Wukair, asubuhi kuwapeleka, jioni kuwarudisha, kiyoyozi kikipuliza vumbi badala ya baridi. Basi la timu lilikuwa na viti vya kitambaa na pazia. Kocha, mzee wa Kimarekani mwenye magoti mabovu, ndiye aliyechagua dereva, na kila msimu alimwandikia mudiri, yaani mkuu wa kampuni, kwamba anamtaka Vuai yule yule. Vuai aliikata picha ya timu gazetini akaituma nyumbani. Basi lilionekana kwa nyuma, nusu yake.

Mwanzo aliudharau mchezo wenyewe. "Hii si rede?" alisema siku ya kwanza, kwa kuwa kwao rede huchezwa na wasichana wadogo kwa mpira wa makaratasi, wala hawavai kofia. Lakini mtu akisubiri saa tatu kwenye usukani bila kazi, macho hujifunza yenyewe. Msimu wa tatu ulipokwisha, Vuai alijua mrushaji gani amechoka kabla mrushaji mwenyewe hajajua.

Wala hakuwa peke yake. Kila Jumamosi alasiri timu ilipocheza nyumbani, wafanyakazi wasiokuwa na zamu walikusanyika nyuma ya uzio wa nyaya, walinzi, wasafishaji, watu wa jikoni, Watanzania na Wakenya watupu, kama arubaini hivi. Viti vilikuwapo upande wa pili kwa wanafunzi na wazazi waliotoka The Pearl, mtaa wa matajiri, na magari yao. Hakuna aliyewakataza watu wa uzioni kwenda kukaa huko, wala hakuna aliyewakaribisha, na mgeni mwenye adabu hahitaji kuambiwa.

Palikuwa na Khadija wa Tanga, aliyefua sare za timu, na ambaye kwa kutazama doa la suruali alikwambia nani alijitupa chini kwa ushujaa na nani alianguka kwa uzembe. Palikuwa na Ndirangu, mlinzi wa jengo la utawala, Mkenya wa Murang'a, mrefu, mkavu, asiyecheka. Huyu alikumbuka mechi zote. Ukisema timu ilishinda kwa mbili, atakuambia ni kwa tatu, na atakutajia na upepo ulivuma kutoka wapi. Yeye na Vuai walikuwa wakigombana kila Jumamosi, na Vuai alihesabu ugomvi huo kuwa sehemu ya mapumziko.

Mwezi wa nne mwaka 2013, kocha akatangaza kwamba magoti yamemshinda, anarudi kwao msimu ukiisha. Hapo ndipo maneno yalipopata moto wa kweli.

Majina yaliyotajwa yalikuwa mawili. La kwanza ni Herbert. Herbert alikuwa Mkenya wa Kitale, mtunza uwanja. Yeye ndiye aliyevuta mipira ya maji, aliyechora mistari ya chokaa, na kwa kuwa aliwahi kucheza besiboli kwenye shule ya wamisheni, kocha alimfanya msaidizi wake bila cheo. Alitembea na kalamu ya wino wa kijani, kaichomeka kwenye kofia, na kwa kalamu hiyo aliandika orodha ya wachezaji kabla ya kila mechi. La pili lilikuwa la Mfilipino mmoja wa maktaba, mtu mfupi mpole, ambaye ilisemekana alicheza kwao kwa kulipwa.

"Herbert," alisema Vuai Jumamosi ya kwanza, na alisema kama mtu anayefunga mlango. "Hakuna mjadala. Miaka mitano yule anawafundisha vijana hawa, Mzungu amekaa kwenye kiti anakanda magoti. Leo waje wampe mtu wa vitabu?"

"Mfilipino," alisema Ndirangu.

Watu wakageuka. Mkenya kumkataa Mkenya mwenzake mbele ya Watanzania ni jambo la kusikilizwa.

"Wee Ndirangu, una wazimu? Yule ndugu yako!"

"Si ndugu yangu. Tulikuja na ndege moja, tukalala chumba kimoja miaka miwili. Mimi namjua huyo jamaa, nyinyi mnamwona tu hapa kwa fence. Kufundisha anaweza. Lakini kocha ni mtu wa kusimama na watu wake kukiwa na shida, na Herbert hasimami. Kukiwa na shida, Herbert anatafuta mlango."

"Wivu huo!" Vuai alipiga uzio kwa kiganja, nyaya zikalia mpaka kwa wachezaji. "Wivu mtupu! Ungekuwa unajua kurusha mpira ungejitaja mwenyewe. Mlinzi wa mlango umesikia mwenzio anataka kuingia ndani, roho inakuuma!"

"Usiniletee hiyo, mzee."

"Nakuletea, na nyengine i njiani!"

Jumamosi ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Uzio uligawanyika, wa Herbert huku, wa Mfilipino kule, na katikati pamebaki uwazi wa mtu kupita. Watu waliokopeshana chumvi na sabuni kambini waliitana majina ya wanyama. Khadija, aliyekuwa wa Herbert, alimwambia mpishi mmoja wa upande wa pili kwamba hata akili yake inahitaji kuchemshwa. Jumamosi ya tatu Vuai alimwambia Ndirangu, mbele ya wote, kwamba mtu anayemchongea wa kwao ughaibuni hata maiti yake itakosa wa kuisafirisha. Ndirangu akaondoka mchezo ukiwa bado katikati. Hakuwahi kufanya hivyo.

Vuai hakuona tatizo. Kwao Makunduchi, kila mwaka ukipinduka, watu wa upande mmoja wa mji huwavamia wa upande wa pili kwa magomba ya migomba, wakapigana mchana kweupe, wakatukanana, na wanawake wakaimba ya kuyaimba. Jua likiinama, khalas. Aliyekupiga mnakula sahani moja, na kinyongo cha mwaka mzima kimebaki uwanjani pamoja na magomba yaliyovunjika. Basi Vuai alipomwona Ndirangu kesho yake alimsalimu kwa furaha kabisa, na Ndirangu akapita kama aliyepishana na nguzo.

"Mtu mzima kununa!" alisema Vuai, na akaudhika kweli.

Fikra ya barua ilimjia kutoka nyumbani vile vile. Zamani mwalimu mkuu wao, mtu mzuri, alitakiwa kuhamishwa. Wanakijiji walikaa, wakaandika barua moja, wakatia majina na sahihi, wasiojua kuandika wakatia dole gumba, na mbele ya kila jina nambari ya kitambulisho ili serikali ijue hawa ni watu wa kweli, si majini. Ikapelekwa kwa sheha, kutoka kwa sheha ikapanda juu, na mwalimu akabaki mpaka alipostaafu. Vuai alikuwa kijana wakati huo, na jina lake lilikuwa la thelathini na moja. Alijivunia barua ile kuliko leseni yake.

"Tuandike," aliwaambia wa upande wake. "Mkurugenzi wa michezo yule mama ni mtu wa heri. Hajui tu kama sisi tunaujua mchezo. Akiona majina, na nambari za bataka zetu za ukaazi, atajua ni jambo la watu wazima."

Rael, muuguzi wa zahanati ya chuo, aliitia kwenye Kiingereza kizuri. Ilisema kwamba waliotia sahihi wanaiombea timu mema, na wanaona Bwana Herbert anafaa kuwa kocha. Yeye Rael hakutia sahihi. Alisema ana zamu, jibu ambalo mtu mwingine angelitafakari. Vuai aliandika jina lake la kwanza, kubwa, na nambari ya bataka chini yake. Khadija akafuata. Yalipofika majina kumi na tisa, ukurasa ulikuwa umejaa.

Ndirangu alikuja mwenyewe kwenye basi siku hiyo, ingawa alikuwa hamsemeshi. Alisimama mlangoni, hakupanda.

"Mzee, hiyo karatasi usiipeleke."

"Ahaa! Sasa umepata sauti."

"Niskize. Hapa si kwenu. Hapa majina kumi na tisa ya kampuni moja kwa karatasi moja, hawasomi imeandikwa nini. Wanahesabu. Hiyo wanaita mgomo."

"Mgomo wa nini? Tumeomba kocha!"

"Najua mmeomba kocha. Wao hawajui."

Ukweli ulikuwa umesimama mlangoni umevaa sare ya mlinzi, na Vuai aliuona wivu tu. Ndivyo ugomvi unavyomfanya mtu: adui yako akikwambia nyoka huyo, unatazama kwanza anataka nini.

"Humtaki Herbert, basi humtaki," alisema Vuai. "Nenda kalinde mlango wako."

Alasiri hiyo hiyo aliipeleka barua kwa Herbert mwenyewe, maana si adabu kumwombea mtu nyuma ya mgongo wake. Herbert aliisoma mara mbili akiwa ameegemea tairi la basi. Akatabasamu. Akachomoa kalamu kwenye kofia, na chini kabisa, mahali palipobaki wazi kidogo, akaongeza mstari mmoja kwa mkono wake: kwamba mwaka 2011, kocha alipolazwa, ni yeye Herbert aliyeiongoza timu ikashinda mechi nne mfululizo.

"Hiyo wasisahau," alisema. "Asante sana, mzee wangu. Sitawasahau."

Kesho yake Vuai aliifikisha barua ofisini kwa mkurugenzi, na siku nne baadaye akaitwa jengo la utawala.

Kwenye chumba palikuwa na mama mkurugenzi, mudiri wa kampuni aliyetoka ofisini kwake mjini kwa hasira za njiani na za barua pamoja, na Herbert, kofia mkononi. Mlangoni alisimama Ndirangu, kwa kuwa jengo ni lake kulinda, na aliambiwa abaki. Barua ilikuwa mezani. Mtu alikuwa ameweka alama ya kalamu kila penye nambari ya bataka, moja hadi kumi na tisa. Zile nambari zilizokusudiwa kuipa barua uzito ndizo zilizowarahisishia kazi. Hawakuwa na haja ya kumtafuta mtu.

"Nani kiongozi wa jambo hili?" aliuliza mudiri.

"Hakuna kiongozi, mudiri. Ni habari ya kocha tu."

"Jina la kwanza la nani?"

"Langu."

"Leo kocha," alisema mudiri. "Kesho chakula cha kambi. Kesho kutwa mshahara. Nimewaona wengi waliokuja na karatasi, nikawapeleka uwanja wa ndege mwenyewe."

Mama mkurugenzi alionekana hapendi mambo yalivyokwenda. Alitaka kujua jambo moja tu, kwa kuwa nafasi ya kocha ilikuwa mikononi mwake. Akamgeukia Herbert. "Wewe ulijua kuhusu barua hii? Uliwatuma watu hawa?"

Herbert aliitazama kofia yake. "Hapana, mama. Leo ndiyo naiona. Hawa ni watu wa nje ya uzio. Siwafahamu."

Vuai alihisi masikio yanawaka. Mezani, chini ya majina, mstari wa mwisho ulikuwa wa kijani. Kalamu ya kijani ilikuwa imechomekwa pale pale ilipochomekwa siku zote, kwenye kofia ile ile, na kidole gumba cha Herbert kilikuwa kinasogea taratibu kuifunika. Ilikuwa kuinua mkono tu na kuonyesha. Mama angeona, mudiri angeona, na mwenye kuomba kocha na mwenye kuombewa wangejulikana wote wawili. Pengine basi lingepona. Mdomo wa Vuai, ule usiowahi kunyimwa neno, ulifunguka.

Kisha akakumbuka nani amesimama mlangoni nyuma yake. Akaufunga.

Hukumu haikuchukua muda. Kumi na wanane walipewa onyo la maandishi. Vuai alihamishiwa basi la kambi za Al Wukair kuanzia Jumapili, na akaambiwa ashukuru. Uzio wa uwanja utiwe kitambaa cha kijani, juu mpaka chini, kwa sababu ya vumbi, ilisemwa.

Nje, kwenye ngazi, Ndirangu alimfuata akamshika mkono.

"Rudi ndani."

"Niache."

"Rudi useme! Huo mstari wa kijani ni wake, na hiyo kalamu alikuwa anaificha, nimeiona na haya macho. Nitakushuhudia, mzee. Nitasema mbele yao. Mbona umenyamaza, wewe wa kusema?"

Vuai alijitoa mkono. Hasira zilikuwa zimemjaa mpaka machozi, na hakujua amkasirikie nani kwanza. "Kwa sababu ukweli wangeupata wao," alisema, "na ushindi ungeupata wewe. Ungenicheka mpaka siku ya kiama."

Ndirangu hakucheka. Alimtazama tu. Vuai angependa kupigwa kofi kuliko kutazamwa namna ile.

Kambini hakupata pa kupumzikia. Khadija, aliyemwita kaka miaka mitano, alisimama mbele ya watu akiwa na karatasi ya onyo mkononi. "Umetutia kitanzi, Vuai! Visa yangu inaisha mwezi wa tisa, sasa wataitia muhuri na hii? Ulisema mama wa heri! Ulisema kama nyumbani! Nyumbani umeiona wapi hapa?" Wale wa Mfilipino walisema waliyoyasema, na wale wa Herbert walisema zaidi, maana aliyekuamini ana matusi makali kuliko aliyekupinga. Yule mpishi aliyeambiwa akili yake ichemshwe alimpakulia wali kidogo kuliko wote. Vuai aliyapokea yote. Alikuwa anayastahili, na alijua.

Jumamosi alirudisha funguo. Basi lilikuwa limeegeshwa karibu na uwanja, na mafundi walikuwa wanafunga kitambaa uzioni kwa waya. Herbert alikuwa anamsubiri kwenye ngazi ya basi. Alikuwa amepewa ukocha siku mbili nyuma, na kalamu ilikuwa imebadilika. Ilikuwa nyeusi.

"Mzee wangu," alisema Herbert, "tusameheane. Nina watoto wanne. Ningesema naijua ile barua, wangenitoa na mimi."

"Na sisi kumi na tisa tulizaa mawe?"

Herbert aliishusha kofia usoni.

"Sikiliza, Herbert. Kwetu watu hupigana kila mwaka, na kila mwaka husameheana. Nimepigwa magomba mengi mgongoni hapa, na wote niliwasamehe kabla ya jua kuzama. Lakini yule aliyenipiga alikuwa ananijua. Aliniita jina langu, kisha akanipiga. Wewe hukunipiga. Wewe ulisema hunifahamu. Sasa unataka msamaha wa nani, wa mtu usiyemjua?"

Alizitoa funguo mfukoni, akaziweka kwenye kiti cha dereva, hakumpa mkononi. Akashuka ngazi moja, kisha akageuka kwa sababu hakuweza kujizuia. Timu haikumkosea kitu.

"Yule kijana wa mkono wa kushoto, usimrushishe zaidi ya raundi tano. Bega lake bovu, na hatakwambia."

Alipofika uzioni, kitambaa kilikuwa kimefika nusu. Kwenye nusu iliyobaki alikuwa amesimama Ndirangu peke yake, hakuna mwingine aliyekuja. Vuai alisimama kando yake. Kwa muda walitazama vijana wakipasha misuli, na mafundi wakisogea kuelekea kwao na waya zao na koleo, kipande kwa kipande.

"Sasa, mzee," alisema Ndirangu, bila kumtazama. "Nani alifaa kuwa kocha?"

Vuai alishika nyaya kwa vidole vyote. Alikuwa ametukana watu kwa Kiswahili na kwa Kiarabu kibovu katika mji huu miaka saba, na hakuna neno lililowahi kumuwia zito kama hili.

"Mfilipino," alisema.

Ndirangu aliitikia kwa kichwa. Fundi akawaomba wasogee, wakasogea, na kitambaa kikafungwa.